Koti la Saisi

Alhamisi ya pili, siku ya nane tangu farasi aletwe, Fundi aliingia bandani na ndoo mbili, akakuta hori limejaa kama alivyoliacha jioni ya jana yake. Majani makavu hayakuguswa. Pumba zilikuwa zimefanya utando juu. Maji yalikuwa yamepungua kadiri ya vidole vitatu tu.

Farasi mwenyewe alisimama mahali pake pa kila siku, kichwa kwenye pembe ya banda, pua imeelekea koti kuukuu la ngozi lililotundikwa msumarini. Alikuwa farasi jike wa rangi ya majivu, na kwa hiyo akaitwa Majivu. Umri wake ulikuwa miaka kumi na minne. Katika siku hizo nane mbavu zake zilikuwa zimeanza kuhesabika.

Fundi alitoa chaki mfukoni mwa aproni, akaandika kwenye ubao uliokuwa ukining'inia mlangoni: Alhamisi, hakula.

Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alikuwa akipita uani na beseni la nguo. Alisimama.

"Bibi arusi wetu ameamkaje?"

"Hajala, shangazi."

"Bado amenuna? Mimi nilipoolewa nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikamwona mume wangu anamaliza sahani yake na kuivuta yangu. Nikaacha kununa papo hapo. Mwambie huyu kwamba wako watakaomlia chakula chake."

"Farasi hajui mzaha."

"Anajua. Asiyejua mzaha ni baba yako. Nimemsikia asubuhi hii akihesabu siku kwa vidole. Zimebaki mbili." Shangazi aliliweka sawa beseni kiunoni. "Na wewe usinitazame hivyo. Mimi sikuzipunguza."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba alikuwa ameshona matandiko ya farasi kwa miaka arobaini na minane. Mikono yake ilipoanza kutetemeka alimkabidhi binti yake wa pekee sindano na msharasi, yaani ile shazia ya kutobolea ngozi, na tangu hapo wateja waliacha kumwita binti kwa jina lake, wakamwita Fundi. Mshono wake haukuwa na kasoro. Hata hivyo, katika mwaka huo matandiko matatu yalikuwa yamerudishwa, yote kwa sababu moja: yamechubua migongo ya wanyama. Kwa mazoea ya karakana ile, kila tandiko lilipimwa juu ya farasi wa mbao aliyesimama katikati ya chumba.

"Mbao hailalamiki, baba," Fundi alikuwa amesema. "Ndiyo maana hatujui tunapokosea. Tutafute farasi aliye hai, nipime juu ya mgongo unaopumua."

Baba alikuwa amefikiri siku mbili kabla ya kujibu. Muhuri anaougonga kwenye kila tandiko, alisema, hauwezi kukaa juu ya kidonda. Farasi na aje. Lakini mnyama asiyekula siku kumi si mkazi, ni mfungwa, na yeye hafungi mtu wala mnyama. Siku ya kumi ikifika bila farasi kutulia, atarudishwa alikotoka, karakana itafungwa, na Fundi atahamia kwa kaka yake kumsaidia kulea watoto. Alilisema neno hilo bila ukali, nalo kwa sababu hiyo likawa zito zaidi.

Shule ya kupanda farasi iliyokuwa upande wa pili wa mji ilikuwa na farasi jike aliyezeeka kwa kuruka vizuizi lakini hakuzeeka kwa kubeba. Ndiye Majivu. Aliyemleta alikuwa saisi wa shule ile, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mrefu, mpole wa mikono na mchache wa maneno, aliyemtunza mnyama huyo kwa miaka tisa. Fundi alikwisha kumfahamu tangu miezi minne iliyopita, alipokwenda kule kupima migongo. Siku ile Saisi alimshikia farasi kumi na wawili mmoja baada ya mwingine, naye alipofika kwa wa saba aligundua kwamba anapima polepole kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kumleta Majivu, Fundi alimwomba Saisi koti lake.

"Ngozi haisahau," alimweleza. "Ukiitia harufu leo, mwaka kesho bado inayo. Tutundike koti lako humu, ajione yuko kwao."

Saisi alisita kidogo, mkono wake ukiwa kwenye kifungo cha juu. Kisha akalivua. Alipokuwa akiondoka aligeuka nyuma mara nne, na Fundi alizihesabu. Kesho yake saa kumi na moja jioni alikuja kwenye uzio wa nyuma kumtazama mnyama. Kesho yake akaja tena. Mara ya tatu alipokuja, hakuna kati yao wawili aliyemtazama mnyama.

*

Baada ya kuandika ubao, Fundi aliingia karakana. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, akipaka uzi nta. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ambayo kutetemeka hakukuiharibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Amekula?"

"Bado."

Mzee aliuvuta uzi juu ya kipande cha nta mara tatu. "Keti."

Fundi aliketi juu ya farasi wa mbao, jambo ambalo angekemewa kwalo siku nyingine.

"Nina mambo mawili," baba alisema. "La kwanza unalijua, sitalirudia. La pili ni yule bwana."

"Bwana gani?"

"Binti yangu, mimi natetemeka mikono, siyo macho."

Fundi aliinama.

"Mtu ana miaka arobaini na mmoja," baba aliendelea, "anaishi chumba kimoja juu ya zizi, na wiki nzima anapita nyuma ya nyumba yangu kama aliyekuja kuiba mayai. Kaka yako amenipigia simu. Anasema mtu wa zizi hana pa kuweka mke. Nimemwambia anyamaze. Nilipomwoa mama yako tulikuwa na nusu chumba, na hiyo nusu nyingine ilikuwa ya mwenye nyumba na cherehani yake. Sina neno na chumba. Nina neno na njia anayopitia."

"Anakuja kumwona farasi, baba."

"Ndivyo anavyokuambia?"

Fundi alikwangua nta iliyoganda kwenye shingo ya farasi wa mbao.

"Basi mwulize farasi," mzee akasema, akaunyosha uzi kwenye mwanga wa dirisha. "Yeye hana sababu ya kuficha. Nenda kazini."

Fundi alichukua kipande cha ngozi na kukiweka mezani, asikikate. Maneno ya baba yalikuwa yamemkaa vibaya. Baada ya nusu saa alivua kidole cha chuma cha kusukumia sindano, akarudi bandani na kusimama mbele ya ubao.

Aliusoma kuanzia juu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alhamisi, robo. Ijumaa, robo. Jumamosi, robo. Jumapili, nusu. Jumatatu, karibu yote. Jumanne, robo. Jumatano, alionja. Alhamisi, hakula.

Jumapili na Jumatatu. Alikuwa amefurahi siku zile na kudhani kazi imeanza kuzaa matunda, kisha Jumanne akalaumu majani, Jumatano akalaumu maji. Sasa alijiuliza swali ambalo fundi yeyote hujiuliza mshono unapoharibika mahali pamoja tu: hapo palikuwa na nini ambacho kwingine hakikuwapo? Au palikosekana nini?

Jumapili na Jumatatu Saisi hakuja. Alikuwa amesafiri na farasi wa mashindano. Tena Jumamosi jioni Fundi mwenyewe alikuwa amelishusha lile koti, akaenda nalo ndani kushona ukingo wa mkono wa kulia uliokuwa umefumuka, akalirudisha msumarini Jumanne asubuhi.

Majivu alikuwa bado ameelekeza pua kwenye koti. Fundi alimtazama mnyama, akalitazama koti, kisha akanusa mikono yake mwenyewe. Kila jioni Saisi alipokuja, yeye alitoka uzioni na harufu ya mtu huyo mikononi, akaenda moja kwa moja kujaza hori.

"Kumbe unamngoja," alisema. "Tumekuweka hapa unamngoja."

Alilishusha koti.

*

Saisi alifika saa kumi na moja kasoro dakika tano. Alikuwa amenawa uso, na nywele zake za mbele zilikuwa bado mbichi. Fundi alimsubiri upande wa ndani wa uzio, koti likiwa limekunjwa juu ya mkono wake. Kwa kawaida wakati kama huo moyo wake ulitangulia miguu. Leo aliuamuru ukae nyuma.

"Umelitoa koti langu msumarini," Saisi alisema huku akitabasamu. "Kuna baridi, au umelipenda?"

"Majivu hajala."

"Atakula. Nimemletea karoti."

"Karoti anakula mkononi mwako. Ukiondoka anasimama kuutazama uzio huu mpaka giza linaingia. Saisi, nitakuuliza jambo, unijibu kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake."

"Uliza."

"Farasi anapohamia kwa mtunzaji mpya, yule wa zamani anatakiwa afanye nini?"

Tabasamu liliondoka usoni mwa Saisi, wala halikuondoka haraka. Aliweka mkono juu ya nguzo ya uzio. Alikuwa na kovu dogo chini ya kidole gumba ambalo Fundi alilijua, na hakulitazama.

"Anatakiwa aondoke," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka farasi amzoee mwingine. Wiki tatu. Pengine mwezi."

"Na vitu vyake?"

"Aondoke navyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na tisa. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akituambia, ukimkabidhi mnyama, mpe na mgongo wako."

"Mbona koti ulinipa?"

"Uliliomba."

"Ningeomba sumu ungenipa?"

Saisi alifumba macho, akayafumbua. "Fundi, sikiliza. Ningekuambia siku ile kwamba nisionekane hapa mwezi mzima, ningerudi kwa njia gani? Mimi siwezi kuja kuketi barazani kwa baba yako hivi hivi. Nakuja kama nani? Farasi ndiye alikuwa shughuli yangu. Akitulia, nakuja kumtazama nani?"

Fundi alikuwa amengoja maneno kama hayo kwa miezi minne. Alikuwa ameyasikia kichwani akiwa anakata ngozi, akiwa anafua, akiwa anajifanya kumsikiliza shangazi. Sasa yalikuwa yamekuja kweli, kwa sauti aliyoitaka, kutoka kwa mtu aliyemtaka, na yalikuwa yamekuja yakipanda juu ya mbavu za mnyama mwenye njaa.

"Umesema vizuri," alijibu. "Lakini aliyelipia siyo wewe."

"Ni farasi niliyemlea tangu ana miaka mitano. Unadhani mbavu zake sizioni?"

"Najua unaziona. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi nilikosea kwa kutojua. Wewe hukukosea."

Mtaa wa nyuma ulikuwa mtulivu; mtu alikuwa akiendesha baiskeli iliyohitaji mafuta kwenye mnyororo.

"Ni baba yako," Saisi alisema mwisho, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Sema tu mzee amekataa. Usipitie kwa farasi. Mimi si mtoto, nitaelewa."

"Baba hakusema habari za mtu. Amesema habari za njia."

"Njia gani?"

"Hii. Amesema unapita nyuma ya nyumba yake kama aliyekuja kuiba mayai."

"Mayai?"

"Mayai."

"Kuku wenyewe mnao?"

"Hatuna."

Kicheko kilikaribia kuwatoroka, na kama kingewatoroka huenda mambo yote yangeahirishwa mpaka kesho, kisha mpaka keshokutwa, mpaka Jumamosi ikafika. Lakini sauti ya Saisi ilikuwa imefika bandani. Majivu alilia. Alilia mlio mrefu wa kuita, akanyamaza kusikiliza, akalia tena, na kwato zake zikagonga mbao za mlango.

Mwili wa Saisi ulitenda kabla ya akili yake. Mguu mmoja ulikwisha kuvuka uzio Fundi alipoinua kiganja.

"Usimwendee."

"Ananiita, Fundi."

"Anakuita kila siku saa hizi. Ukienda atakuita na kesho. Jumamosi baba atakuja kumtazama, na atamkuta anakuita."

Mlio ukaja mara ya tatu. Saisi alikuwa amepanda uzio kama aliyepanda mnyama asiyetembea, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia jina lake likitajwa mahali asiporuhusiwa kuingia. Fundi alitaka kumshika mkono. Aliweka mikono yote miwili chini ya koti, asimshike.

Saisi aliurudisha mguu nje.

"Nimefanya vibaya," alisema. Alilisema bila kulipamba.

"Ndiyo."

"Umenikasirikia sana?"

"Sana. Chukua koti lako."

Alilipokea juu ya uzio. Vidole vyao havikugusana, kwa kuwa wote wawili walichunga visigusane. Alilivaa hapo hapo, akafunga vifungo vyote, ingawa hapakuwa na baridi.

"Nirudi lini?"

"Majivu akitulia nitapima juu yake tandiko la kwanza, na tandiko hilo nitalileta shuleni kwenu. Mvike farasi yeyote unayemwamini, mpande wiki nzima, halafu utazame mgongo wake. Ukikuta alama hata moja, usije, kwa maana mimi sitakuwapo; nitakuwa kwa kaka yangu nachana nywele za watoto. Usipokuta alama, njoo."

"Nije nimwone nani?"

"Hilo utamwambia atakayekufungulia mlango. Wa mbele, Saisi. Mchana, watu wakikuona."

Saisi alitikisa kichwa kukubali. Alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayekariri njia atakayoipita peke yake, kisha akageuka na kwenda zake.

Mara hii hakuangalia nyuma. Fundi alimfuata kwa macho mpaka kona. Aliona jinsi shingo ilivyokazwa isigeuke, hata pale mlio wa nne uliposikika, na akajua kwamba hilo lilikuwa tendo la kwanza la mapenzi ambalo mtu huyo amemtendea yeyote kati yao wawili, yeye na farasi.

Kisha akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akabadili aproni, akausugua ukuta pale palipokuwa na koti, na kuung'oa msumari.

*

Ijumaa Majivu aliiacha pembe yake. Alizunguka banda, akanusa mahali pa msumari, akaja kusimama katikati. Mchana alikula robo. Saa kumi na moja aliita, na Fundi alikwenda kusimama karibu na shingo yake, mkono juu ya singa.

"Leo hakuna anayekuja," alimwambia. "Tuko wawili tu. Lia kama unataka, mimi siwezi, shangazi ataniona."

Usiku wa kuamkia Jumamosi hori lilibaki tupu, hata pumba za pembeni zilirambwa. Mezani mambo yalikuwa kinyume.

"Sasa nimechanganyikiwa," shangazi alisema akiichukua sahani ya Fundi iliyojaa. "Bandani wanakula, mezani hawali. Nyumba hii ina bibi arusi wangapi?"

Jumamosi asubuhi baba alikuja bandani. Alisoma ubao, akatazama ndani ya hori, akamwendea Majivu ubavuni, wala hakumwendea mbele. Alimwekea mkono wake unaotetemeka juu ya mgongo. Ngozi ya farasi iliruka mara moja, kama inavyoruka ikiguswa na nzi, kisha ikatulia chini ya mkono ule. Majivu alishusha kichwa kunusa aproni ya mzee, akapumua, akarudi kwenye majani.

"Hapa," baba alisema, akibonyeza nyuma kidogo ya bega. "Ndipo tulipokuwa tunakosea. Mbao haina msuli hapa. Leta chaki."

Fundi aliileta. Alihitaji kupepesa macho mara kadhaa kabla ya kuona vizuri pa kuchora.

"Anakaa?" aliuliza.

"Nimekuambia ulete chaki. Farasi wa kurudishwa achorwe ya nini?" Mzee alisubiri mpaka mstari wa kwanza ulipokamilika. "Koti liko wapi?"

"Limerudi kwa mwenyewe."

"Na mwenyewe?"

"Akija, atapita mlango wa mbele."

"Mm." Baba alifuta vumbi la chaki kwenye aproni yake. "Siku hiyo nitamtazama farasi. Sitamtazama yeye."

*

Tandiko lilikwenda shuleni baada ya wiki nne. Wiki ya tano ilipita. Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mtu alibisha hodi mlango wa mbele mara tatu, akangoja.

Shangazi ndiye aliyefungua.

"Karibu. Mayai yamekwisha."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mzee."

"Marahaba. Umekawia! Mzee yuko ndani, amevaa shati zuri kila siku tangu wiki iliyopita, na anasema ni kwa sababu ya joto. Pita."

Fundi alikuwa mezani kwake karakanani. Aliisikia sauti, akausikia mwendo, akaona kupitia dirisha baba yake akimwongoza mgeni kukatiza nyumba mpaka uani, bila kumkaribisha kiti. Saisi alikuwa amevaa lile koti. Fundi alitaka kupiga kelele: si hilo, vaa lingine, hulijui lilivyotutesa? Alisimama. Kisha akaanza kuhamisha vifaa mezani kutoka kulia kwenda kushoto, kama anayetafuta kitu.

Majivu alikuwa uani, mbele ya hori lake lililotolewa nje. Mbavu zilikuwa zimekwisha kupotea. Aliinua kichwa, na majani yakaning'inia mdomoni. Masikio yalisimama. Aliita mara moja, akatembea mpaka kwa Saisi, akamnusa kuanzia kiganja, akapanda mkono wa koti polepole mpaka begani, akatoa pumzi ndefu iliyozitikisa nywele za Saisi.

Halafu akageuka, akarudi kwenye hori, akaendelea kula.

Saisi alibaki na mkono ulionyooshwa hewani. Kilichokuwa usoni mwake Fundi hakuweza kukipa jina, kwa kuwa furaha na jeraha vilikuwa vimeketi pamoja bila kusukumana.

"Amenisahau, mzee," alisema taratibu.

"Hapana. Amekusalimu," baba alijibu. "Mwenye kwao akishasalimu mgeni hurudi kazini."

Kwa mara ya kwanza alimgeukia mgeni wake. Aliushika ule mkono uliokuwa bado hewani, akaukunja ukingo wa koti, akausogeza karibu na macho, na kuupitisha ukucha juu ya mshono.

"Nani amekushonea hapa?"

Saisi aliinama kutazama. "Sikuuona mpaka nilipofika nyumbani siku ile aliponirudishia. Nilikaa nao wiki tano, mzee. Kila asubuhi nilikuwa nikiutazama kabla ya kwenda kazini."

"Ni mshono wa sindano mbili. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika." Ukucha ulifika mwisho wa mshono na kusimama. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini na minane na sijapata kuushona kwenye nguo ya mtu. Tunaushona kwenye mkanda wa tumbo la farasi, ule unaobeba uzito wa mpandaji asianguke."

Aliuachia mkono. Nyuma yao Majivu alikuwa akitafuna, na sauti ya kutafuna ilikuwa ya mnyama asiyengoja mtu.

"Mgongo wa yule uliyemvika tandiko?" mzee aliuliza.

"Hauna alama hata moja."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Kisha akatupa jicho kwenye dirisha la karakana, akapaza sauti kuelekea nyumbani.

"Dada! Leta kiti kwa mgeni. Na umwambie binti yangu aache kutafuta msharasi. Anao mkononi."